Sahani Yenye Ukingo wa Buluu

Riziki mwanangu,

Salamu ulinipa asubuhi uliponiletea uji, nami nikaitika, kwa hiyo barua hii haina haja ya kuuliza hali. Hali yako naijua. Umefua nguo ambazo zilikuwa safi, umefunga sanduku ukalifungua tena, na viatu vipya unavivaa ndani ya nyumba ili vizoee miguu. Mimi nimekaa bandarini juu ya magunia ya kahawa. Mashua ya mizigo imechelewa, msimamizi amejilaza kivulini, na jua bado liko juu ya ziwa. Nimeona niandike sasa, maana jioni nyumba itajaa watu wa kukuaga, na mimi mbele ya watu sijui kusema jambo la maana. Nitaishia kukuuliza kama umeweka sweta.

Habari za sweta, za kuchemsha maji, za kutozungumza na mabaharia, mama yako amekwambia mpaka umeanza kuziimba. Sizirudii. Nataka kukuandikia juu ya kile kitabu changu, na juu ya ile sahani.

Juzi tulipokuwa tunarudi kutoka barieri ndogo, pale kizuizini mpakani, ulisema neno ambalo sijaacha kulifikiri. Tulikuwa tumewapita wale wasichana wawili wadogo waliobebeshwa mikeka na yule mama mchuuzi, mikeka mirefu kuliko wao, ukawapa muwa. Nikasema, "Tazama, wametoka kwenye kitabu." Ukacheka. Ukasema, "Baba, kitabu chako kimezeeka. Hayo yalikuwa mambo ya Ulaya ya zamani. Siku hizi kuna hospitali, kuna shule, kuna taa za stima. Nani anateseka vile tena?" Na Saidi kaka yako, aliyekuwa nyuma na kapu la viazi, akakurukia: "Ehe! Riziki amekuwa evoluwe, Mzungu mweusi, hata meli hajapanda! Akifika Bukavu atatuandikia kwa uma na kisu!"

Nilicheka na mimi. Lakini tangu siku ile, kila gunia ninaloweka begani, neno lako linakuja nalo. Sikukasirika. Nilijua tu kwamba sijawahi kukueleza kitabu kile kilifanya nini nyumbani kwetu. Ulikuwa mdogo mno, na baadaye ikawa ni jambo lililopita.

Kitabu chenyewe unakijua kuliko mimi. Hakina jalada, hakina jina, na mchwa wa Ujiji walikula kurasa za mwisho kabla sijakipata. Mwalimu wangu alinipa nilipoacha shule. Nilisoma miaka michache tu, kisha baba yangu akafa na baba mdogo akasema shule haijazi tumbo. Mwalimu hakubishana naye. Alinipa kitabu, akaniambia, "Usisahau herufi." Nilikifunga ndani ya nguo, nikatembea nacho kazi kwa kazi, Kigoma, Usumbura, mpaka hapa Gisenyi, ambako nilisema nitapumzika msimu mmoja kisha nirudi kwetu. Unaona nilivyopumzika.

Ni hadithi ya Tereza, mtoto wa Kizungu, katika mji wa moshi na baridi. Baba yake aliangukiwa na jiwe kwenye machimbo. Mama yake alifulia watu nguo mpaka kifua kikamshinda. Mtoto akachukuliwa na mwoka mikate na mkewe. Zamani nilipokisoma mara ya kwanza hapa mtaani, watu walikataa kuamini. Mzee Feruzi fundi cherehani ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. "Baba Saidi, we unatudanganya," alisema na sindano mdomoni. "Muzungu iko na njaa? Muzungu hana kiatu? Bon, basi mi ni gavana!" Kila Jumapili alisema hayo, na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kuleta kigoda chake.

Kisha ikaja njaa kuu. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Hayo umeambiwa: mama yako alikwenda kwao Rugerero kutafuta viazi, akarudi bila viazi, akiwa amekubeba wewe mgongoni. Umri wako tulikisia kwa meno. Mama yako mzazi alikuwa amelala kando ya njia, na wewe umekaa pembeni yake umeshika kipande cha kanga yake, hulii. Mama Saidi alipoingia na wewe hakuniomba ruhusa. Alisema tu, "Huyu naye ni wetu." Nikasema sawa. Chakula tulichokuwa nacho kilikuwa cha kibarua wa bandarini, kidogo, lakini kilikuwepo.

Sasa nifike kwenye sahani.

Nilipoishi kwa baba mdogo tulikula wote kwenye sinia moja, watu wazima na watoto, kama desturi yetu ilivyo. Mimi nilikuwa mdogo na yatima. Mikono mikubwa ilifika kwenye samaki kabla ya mkono wangu, na ukiunyoosha sana utaambiwa huna adabu. Nilijifunza kula ukingoni, ugali mtupu, tena upesi. Hakuna aliyenipiga wala aliyenitukana. Lakini nilijiapia moyoni kwamba nikipata nyumba yangu, na Mungu akiniletea mtoto wa mtu, mtoto huyo hatagombania tonge.

Ulipokuja nikakumbuka kiapo changu. Nikakununulia sahani ya bati, nyeupe, ina ukingo wa buluu. Kitu kizuri kuliko vyote nyumbani mwetu. Kila jioni mama yako alikupakulia wewe kwanza, maharage mazito yasiyo na mchuzi mwingi, sombe ya majani ya muhogo, na samaki akipatikana kipande cha tumbo kilikuwa chako. Akakuwekea mkeka wako mdogo karibu na mlango, penye hewa, ili kaka zako Saidi na Juma wasikusumbue. Sisi wanne tukazunguka sinia letu. Nilikuwa nakutazama kwa pembe ya jicho unavyokula, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nilijiona mtu mwema. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, mwanangu, jinsi nilivyojiona mwema.

Na wewe, kila ulipomaliza kula, ulikuwa unainuka, unakwenda kuchukua kile kipande cha kanga, unakifunga kiunoni, unakaa mlangoni. Umenyooka, umetazama nje. Hulii, husemi. Mpaka usingizi unakushika hapo hapo na mama yako anakubeba.

Tulisema anamngoja mama yake. Mama Saidi alilia kwa hilo siku nyingi. Akakushonea mwanasesere wa matambara. Akakuimbia kwa Kinyarwanda nyimbo za kwao. Ulimsikiliza kwa heshima, kisha kesho yake baada ya chakula, kanga kiunoni, mlangoni. Mzee Feruzi alisema ni mashetani ya njaa, akaleta hirizi. Ukaivaa pia. Ukakaa nayo mlangoni.

Njaa ilipolegea tukarudia kusoma Jumapili. Watu walitaka Tereza, hata Feruzi. Nikasoma mahali nilipokuwa nimepasoma mara nyingi, pale mke wa mwoka mikate anapompa Tereza bakuli lake mwenyewe. Bakuli zuri lenye ua. Anamwambia hili ni lako peke yako, na hiki kiti cha karibu na mlango ni chako peke yako. Watoto wa nyumba wanakula mezani na baba yao, wanagombana, wanacheka, wanamwagiana supu. Tereza anakula yote, anashukuru, kisha anavaa viatu vyake na kukaa. Mke wa mwoka mikate anamuuliza mbona umevaa viatu ndani ya nyumba, na mtoto anamjibu kwamba amekwisha kula, na mgeni akishakula huondoka, ila bado hajaambiwa aende wapi.

Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo tangu ujana wangu, mara nyingi, na nilikuwa nayapita tu. Siku ile sikuweza kuyapita. Niliinua macho, mama yako alikuwa ananitazama. Mkononi alikuwa na ungo, amesahau kupepeta. Na mlangoni ulikuwapo wewe, kanga kiunoni.

"Baba Saidi, soma tena hapo," alisema.

Nikasoma tena.

"Yebabawe," akasema, polepole, kama watu wa kwao wanavyosema wakishtuka. Basi. Watu hawakuelewa kilichotokea. Feruzi alifikiri amehuzunishwa na Tereza, akamwambia, "Mama, usilie, hiyo ni kitabu tu, hayo mambo si ya hapa."

Jioni ile mama yako alichukua sahani yenye ukingo wa buluu akaifunika juu ya mtungi wa maji, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Akaweka sinia katikati. Akakuinua kutoka kwenye mkeka wako. Saidi na Juma walikuwa wamekwisha kaa, magoti yao yamejaa kila mahali kama kawaida yao.

"Musogee," akawaambia.

"Nisogee wapi, mama? Huku iko ukuta!" Saidi akasema.

"Sogea ndani ya ukuta!"

Wakasogea. Ukakaa kati ya Juma na mimi. Ulitazama sinia muda mrefu. Juma, ambaye hakuelewa lolote, alikupiga kiwiko akasema, "We, kula, mi sikungoji." Na kweli hakukungoja. Alichukua samaki wako mbele ya macho yako. Nilitaka kumkemea, mama yako akanibana mguu chini. Ukamtazama Juma. Kisha ukaunyoosha mkono ukamnyang'anya. Kwa nguvu! Vidole vyote vitano! Juma akapiga kelele hadi jirani wakauliza kuna nini, na mama yako akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Baada ya kula hukwenda kuchukua kanga. Ulilala pale pale penye sinia, mkono una mchuzi.

Sasa niambie kama kitabu kile ni cha zamani. Mimi sina elimu ya kubishana nawe. Wewe umefika mbali katika shule, unajua nchi na mito yake. Mimi najua tu kwamba mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, aliyekufa pengine kabla babu yangu hajazaliwa, alinielezea mtoto aliyekaa mlangoni kwangu. Nilikuwa namwona kila siku kwa macho yangu na simwoni. Taa za stima ni nzuri, Riziki. Nimebeba nyaya zake kwa bega hili. Lakini wale wasichana wa mikeka, ulipowapa muwa, uliona walikwenda kuutafunia wapi? Walikwenda kukaa ukingoni mwa barabara, mgongo kwa mgongo, wamenyooka kama watu wanaosubiri kuambiwa waende. Nilikuona umewatazama. Kwa hiyo nadhani unajua, na maneno yale uliyasema kwa sababu unasafiri na ulitaka moyo mwepesi. Nami nataka uwe nao.

Lakini kuna jambo moja la moyo mzito, nalo nalisema mara moja tu.

Karani yule, aliyekuwa hapa ofisi ya bandari kabla hajahamishiwa Bukavu, amekuwa muungwana kwetu. Bila yeye usingepata nafasi ya kujifunza uuguzi, na bila nyumba yake utakamokaa usingekuwa na pa kulala huko. Mke wake alipokuja kukuona, alikaa penye kiti kile kimoja tulicho nacho, akasema, "Baba Saidi, usiwe na wasiwasi. Riziki atakuwa kama mutoto wetu. Atapata chumba yake, kitanda yake, sahani yake na kikombe yake. Hatagombania kitu na mutu."

Ulipiga makofi. Mimi nikasema asante, madamu. Kisha nikageuka bila kujijua, nikatazama mtungi wa maji. Nikakuta mama yako naye anautazama.

Usinielewe vibaya. Sisemi ni watu wabaya. Pengine mama yule anatoa kile ambacho yeye mwenyewe alikikosa utotoni, kama nilivyofanya mimi. Pengine katika nyumba za makarani kila mtu ana sahani yake na wote wamekaa meza moja, na hapo hakuna neno, kula kwa uma mpaka Saidi apasuke kwa wivu. Na pengine sahani yako itakuwa jikoni, baada ya vyombo kuoshwa, baada ya watoto wao kulazwa na wewe, na mchana wa shule utakatwa kidogo kidogo kwa sababu leo kuna wageni, leo mtoto anaumwa. Yote hayo yanaweza kufanyika kwa sauti ya upole. Mimi na mama yako tulikupenda, na bado tulikukalisha mlangoni.

Ukae, uangalie. Usiwe na haraka ya kuwahukumu. Ukiona sahani yako iko mbali, ichukue mwenyewe, uende nayo walipo, ukae. Sema neno la mzaha, unajua mizaha. Pengine watashtuka kama tulivyoshtuka sisi, na mtu atasogea, na utakuwa umewafundisha bila kuwaaibisha. Mimi singependa mtu aniaibishe, lakini ningependa sana mtu anifundishe mapema.

Ila ukijikuta kila baada ya kula unatamani kuvaa viatu na kukaa karibu na mlango, basi ujue ni ile kanga. Hapo usijiulize kosa lako ni nini. Usiseme wazee wangu wataaibika, au nitawavunja moyo, au nivumilie kwa sababu karani ametutendea wema. Wema wake nitamlipa mimi kwa njia zangu, mgongo bado ninao. Panda meli. Uuguzi utapatikana pengine, hata kwa masista hapa, hata ukichelewa. Mimi nimechelewa kila mahali maishani mwangu na bado nimefika.

Mama yako jana aliitia ile sahani ndani ya sanduku lako, chini ya vitenge. Alisema uwe na ukumbusho. Nimeitoa. Nilimwambia Riziki ataondoka hapa na vitu vyote atakavyo, lakini hiyo haitoki, kazi yake ni kufunika mtungi. Amekasirika kidogo, kisha akanipa chai. Ukikuta pengo kati ya vitenge, ndipo ilipokuwa. Nimeziba kwa paketi ya karanga.

Kitabu pia kinabaki. Nilitaka ukichukue, ila Mzee Feruzi amekuja hapa bandarini kwa miguu yake mibovu kuniambia kwamba kitabu ni cha mtaa na si changu, na kwamba nikikutoa wewe sawa, lakini nikimtoa Tereza tutaonana. Huyo ndiye aliyesema Mzungu hawezi kuwa na njaa. Sasa anamsahihisha kila asiyemjua Tereza vizuri. Na wewe huna haja nacho, unakijua kwa moyo, hata zile kurasa zilizoliwa.

Unakumbuka kurasa zile? Kitabu kinakatika pale Tereza anapotoka mlangoni kwa mwoka mikate, theluji inaanguka, na hatujui alikwenda wapi. Kila mtu mtaani alikuwa na mwisho wake. Feruzi alimwoza tajiri, kila Jumapili tajiri mwingine. Saidi alimfanya askari. Mama yako alimrudisha kwa mwoka mikate na mke wa mwoka mikate akaomba radhi kwa kurasa nyingi sana. Siku moja wakakuuliza wewe. Ulikuwa umekaa mapajani mwangu, meno ya mbele yameng'oka. Ukasema Tereza alitembea akaona nyumba ina moshi, akaingia, akakuta watu wanakula, wakasogea.

Feruzi akangoja. "Halafu?"

"Basi," ukasema.

Akasema huo si mwisho, mwisho unataka harusi. Lakini mimi tangu siku hiyo nikisoma nikafika kwenye theluji nafunga kitabu nimeridhika.

Naiona mashua sasa, inakuja kutoka upande wa Goma, na msimamizi ameamka anapiga filimbi kama vile alikuwa macho muda wote. Nina magunia ya kupakia. Nitakupa barua hii kesho ukiwa umekwisha panda, ili usiisome mbele yangu. Jioni nitakuuliza habari za sweta, nawe unijibu kwa upole kama hujachoka.

Nimechoka mwili, mwanangu, lakini nakwambia kweli, nimetulia. Nilitoka kwetu nikitafuta kazi ya msimu mmoja, nikapata mtoto ninayempeleka kuwa muuguzi. Nenda. Kula vizuri. Na siku yoyote utakayorudi, uwe umefaulu au hukufaulu, uwe umealikwa au hukualikwa, hata ukitukuta tumekwisha anza kula, usisimame mlangoni kupiga hodi. Ingia tu.

Tutasogea.

Baba yako